Kikohozi Kisicho na Mwenyewe

Wifi yangu tulimwita Bi Pasi, na mwenyewe aliitika kwa raha zake. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi nyuma ya maghala, na watu wa mtaani walikuwa wakisema ukimpelekea shati lililolaliwa na mbwa, atakurudishia shati la bwana harusi. Alikuwa mrefu, mwembamba wa kuzaliwa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa kuliko wa kushoto kwa ajili ya kazi. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, mama alimkagua kutoka juu hadi chini, akamuuliza, "Mwanangu, kupika unajua?"

"Kupika nitajifunza, mama," akajibu. "Ila humu ndani hakuna atakayetoka na makunyanzi tena."

Mama alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Hapo hapo akawa amemkubali, maana mama yangu anaweza kumsamehe mtu kila kitu isipokuwa ububu.

Tulikuwa watu watano katika nyumba ile: mama, kaka yangu aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti, Bi Pasi mkewe, binti yao mdogo, na mimi, niliyerudi kwetu baada ya kushindwana na mume wangu, nikawa nashona na kurekebisha nguo pale pale nyumbani. Wa sita alikuwa kasuku. Huyo hatukumnunua. Kuna bwana mmoja aliwahi kupanga chumba chetu cha uani, na alipohama aliacha ndoo iliyotoboka, kalenda ukutani, na ndege kwenye tundu. Tukamwita Mpangaji, kwa sababu alikaa bure na bado alilalamika kutwa. Aliiga kila kitu: birika likichemka, geti likilia, mama akiniita. Mara ngapi nimeacha cherehani nikakimbia, "Abee, mama," nikakuta mama yuko sokoni na ndege ananitazama kwa jicho moja.

Bi Pasi alipougua mara ya kwanza, binti yake alikuwa bado hajaanza shule. Kikohozi kilikuja kama mgeni wa kupita, kikakaa, kikawa mwenyeji. Alipopimwa wakasema ni kifua kikuu. Tukaambiwa anahitaji hewa na mwanga, kwa hiyo tukamtandikia godoro sebuleni, chini ya dirisha kubwa. Tundu la Mpangaji lilikuwa likining'inia pale pale dirishani. Hatukulihamisha. Siku zile nani alikuwa na akili ya kumfikiria ndege?

Kikohozi chenyewe nakijua kama ninavyolijua jina langu. Kilikuwa kikavu, mara tatu mfululizo, koh, koh, koh, halafu kituo kidogo, halafu anameza mate na kusema, "Ee Mola." Alimeza vidonge miezi sita, na mama ndiye aliyepewa kazi ya kumsimamia. Kila asubuhi alisimama mbele yake na kikombe cha maji. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Bi Pasi alikuwa akiutoa ulimi wote nje kama mtoto mtundu, na mama akimpiga kofi la begani. Sikuona siku waliyoruka. Mwishowe makohozi yakapimwa na kupimwa tena, yakawa safi. Nesi akamwambia, "Nenda, mama. Umepona." Akarudi kwenye pasi yake. Mashavu yakajaa. Nasi tukapumua.

Kilichobaki ni ndege.

Wiki ile ile aliyorudi kazini, nilikuwa peke yangu naosha vyombo. Nikasikia sebuleni: koh, koh, koh. Kituo. Mate yakimezwa. "Ee Mola." Nikatoka na mikono ya povu, roho mkononi, nikijua wamemrudisha kutoka kazini amezidiwa. Sebule ilikuwa tupu. Godoro tulishaliondoa, sakafu imepigwa deki, pazia limetulia. Ndani ya tundu Mpangaji alikuwa ananyoosha bawa lake polepole, kama mtu aliyetoka usingizini. Akakohoa tena, mbele ya macho yangu, kwa sauti ya wifi yangu.

Jioni nilipomsimulia Bi Pasi, alicheka hadi machozi. "Mwacheni anitunzie," alisema. "Heri kikae kwake kuliko kwangu."

Mama hakucheka. Alitaka ndege aondolewe. Kaka akakataa, alimpenda ndege yule, na alisema kiumbe hahukumiwi kwa kusema alichofundishwa. Basi Mpangaji akabaki, na kikohozi kikabaki naye, mwaka baada ya mwaka.

Wageni ndio walioteseka. Mteja wa kaka anakuja kuzungumzia geti, anakaribishwa, anakaa. Bi Pasi anatoka jikoni na sinia la chai, amefunga mdomo, anatabasamu. Nyuma yake kikohozi chake kinaanza: koh, koh, koh. Mgeni anamwangalia usoni, anaangalia midomo isiyotikisika, anaangalia chai. Mmoja aliondoka bila kuaga, na kofia yake aliisahau kwenye kiti.

Sisi tulizoea. Na mazoea, jamani, yana taabu. Kuna nyumba zina saa ya ukutani. Yetu ilikuwa na kikohozi. Kikilia, hakuna aliyeinua kichwa.

Ulipopita kama mwaka wa nne, Mpangaji akanyamaza. Hakuugua, alikula, alioga kwenye bakuli lake, manyoya yake yaling'aa. Lakini hakuita mtu, hakuiga birika, hakukohoa. Alikuwa akijibana upande mmoja wa tundu, ule wa ndani unaoelekea kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, ameinamisha kichwa kama anayetega sikio kwenye ukuta wa jirani. Binti alimwimbia, hakujibu. Mama akasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akaendelea na kazi zake.

Mshindo ulikuja mchana kweupe. Jua lilikuwa kali, madirisha yote wazi. Mama alikuwa anachambua mchele, mimi niko kwenye cherehani, wengine wako kazini na shuleni. Mara ndani ya tundu kikatoka kikohozi ambacho sijawahi kukisikia humo ndani. Hakikuwa cha tatu tatu. Kilikuwa kimoja, kizito, cha majimaji, kimetoka chini kabisa ya kifua. Na mwisho wake mluzi mwembamba, kama pumzi inapita kwenye tundu la ufunguo. Hakikufuatiwa na "Ee Mola." Hakikufuatiwa na chochote.

Ungo ukamponyoka mama, mchele ukatapakaa sakafuni.

"Ndege huyo, mama," nikasema. "Kajifunza kingine."

Mama alikuwa amekodoa macho kwenye dirisha. "Huyo si ndege," akasema. "Huyo ni baba yenu."

Baba yetu alikufa kwa kifua mimi nikiwa bado nanyonya. Hakufia katika nyumba hii, na Mpangaji wakati huo hata yai lake lilikuwa halijatagwa. Nilimwambia mama hivyo. Akaniambia, "Nimelala ubavuni mwa kikohozi kile mpaka alfajiri ya mwisho. Utanifundisha wewe?"

Kuanzia siku ile, mama alihamisha kiti chake cha mchana akakiweka mbele ya tundu. Alikaa mikono mapajani, akingoja. Ndege akikohoa, naye anauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mke anavyomuuliza mume aliyerudi na kiburi chake: "Baba watoto, unataka nini? Sema, tupo." Ndege anamtazama. Anakohoa tena, na ule mluzi. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie, na bado nilisikia.

Tulimweleza kaka wakati wa chakula. Kaka ni mtu wa chuma na moto, mambo ya wafu hayamwingii. Alitafuna, akameza, akasema, "Mama, ndege hatungi. Ndege anaiga. Huyu hajawahi kutoa sauti ambayo hakuisikia kwanza."

"Basi hii kaisikia kwa nani?" nikauliza.

Swali lenyewe nililiuliza kwa haraka tu, kumjibu kaka. Lakini lilipotoka hakuna aliyelidaka. Vijiko vikasimama. Kaka akamtazama mama, mama akanitazama mimi, mimi nikamtazama kaka, ambaye moshi wa kuchomelea ulikuwa unamkwaruza koo tangu ujana. Kulikuwa na mtu katika nyumba ile aliyekuwa anakohoa hivyo, na hatukuwa tumemsikia hata mara moja. Ndege tu ndiye aliyemsikia.

Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kusafisha koo kwa amani. Ukipaliwa na maji, wanne wanakugeukia.

Bi Pasi ndiye aliyetutoa kwenye wasiwasi huo. "Tunasumbuka nini? Twendeni wote tukapimwe," alisema. "Njia naijua mimi." Akaomba ruhusa kazini, akatuongoza hadi zahanati kama mwalimu na wanafunzi wake. Alitufundisha namna ya kutoa makohozi kutoka ndani, si mate ya mdomoni. Alimshika binti yake mkono. Alimtania mumewe aliyekuwa akitetemeka kuliko mama. Nesi alikuwa yule yule wa zamani. Akatuchukua mmoja mmoja, kisha akamgeukia yeye.

"Na wewe je?"

"Mimi nimewasindikiza tu, dada. Mimi nilishamaliza."

Nesi hakuondoa macho. Alikuwa anatazama kiuno cha gauni lake, pale nilipolipunguza juzi yake. "Pita siku moja nikuone," akasema.

"Nitapita."

Majibu yetu yalitoka. Wote wanne safi. Mama akaondoka na ushindi wake: kama si sisi tulio hai, basi ni yule. Bi Pasi hakupita.

Nataka mwelewe jinsi jambo kubwa linavyoweza kukaa katikati ya watu wenye macho. Wifi yangu alikuwa anatoka jasho. Lakini kwenye chumba cha pasi kila mtu hurudi nyumbani ameloa. Alikuwa anachoka, nani hachoki akisimama kutwa juu ya mvuke? Aliniletea gauni la kazi nilipunguze kiunoni, akisema limetanuka kwa kufuliwa, nami nikalipunguza, akaniletea la pili. Chakula alisema kinamkinai kwa harufu ya wanga wanaotia mashati. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli. Kuhusu kikohozi, nyumbani kwetu kilikuwa na mwenyewe tayari, amekaa dirishani na manyoya ya kijivu.

Ikawa siku moja alasiri, amerudi mapema. Alisema apumzike kidogo, akaketi kwenye kile kiti kikubwa cha sebuleni, na alipoketi tu usingizi ukamchukua. Ndio ulikuwa mtindo wake siku hizo: kulala hapo akisubiri chai, peke yake na ndege, sisi wengine tuko uani. Siku hiyo nilikuwa nimeamua kusafisha tundu. Nikalichukua taratibu nisimwamshe, nikaenda nalo jikoni, nikafunga mlango.

Nilikuwa nimeinama nakwangua sakafu ya tundu. Mpangaji alikuwa amekaa juu ya kijiti chake, karibu na uso wangu kiasi kwamba naliona tundu la pua yake. Nikasikia kikohozi. Kizito, cha majimaji, na ule mluzi.

Nikasema, bila kufikiri, "Nyamaza wewe."

Kisha nikainua macho. Mdomo wa ndege ulikuwa umefungwa. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mlango, anasikiliza.

Kikaja tena. Kilitoka sebuleni.

Nawaambia kweli, kwa kitambo kidogo nilimwamini mama. Niliona nikifungua mlango nitamkuta mwanamume nisiyemjua amekaa kwenye kiti, na atakuwa na uso wa kaka yangu. Halafu Mpangaji, pale pale mbele yangu, akavuta pumzi na kukirudia. Kile kile. Na ule mluzi. Kama mwanafunzi aliyesomewa neno naye akalirudia.

Nikafungua mlango. Bi Pasi alikuwa amelala ameketi, kichwa kimeegemea nyuma, shingo yote inang'aa kwa jasho ingawa upepo ulikuwa unapita. Kifua chake kikapanda, kikasita, kikakohoa. Macho hayakufunguka. Uso haukujikunja. Alikuwa anakohoa huku amelala usingizi wa raha, kama vile aliyekuwa anakohoa ni mwingine na yeye amemwazima mwili tu.

Mwishowe akafumbua macho mwenyewe, akaniona.

"Wifi, huyo ndege leo kanipigia kelele usingizi mzima," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Mtoe basi."

"Ndege yuko jikoni, wifi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolala."

Aligeuka akatazama dirisha. Kulikuwa na ndoano tu, na duara jeusi ukutani palipokuwa panasuguliwa na tundu. Akapeleka mkono shingoni, akautazama ulivyoloa. Huko jikoni Mpangaji akakohoa, naye akakisikiliza mpaka mwisho wa mluzi, kichwa kimeinama, kama mtu aliyerekodiwa sauti yake na sasa anarudishiwa.

"Ndivyo ninavyokohoa?" akauliza.

"Ndivyo."

"Mbona sijisikii?" Akaupangusa mkono kwenye gauni. "Naamka kinywa kina ladha ya chuma. Nikasema ni mvuke wa pasi. Wifi, mimi nilipona. Si nilipona?"

Nikapiga magoti nikamshika miguu, iliyokuwa ya moto.

Mama alipoambiwa, hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, si kwa hofu, ila kama mtu aliyemwona jirani kwa mbali amevaa koti la marehemu. "Kumbe ni ule ule," akasema. "Nilijua nimeusikia. Ugonjwa ndio wenye sauti, mwanangu, si mtu." Akamfunika shuka mabegani, na kiti chake akakirudisha mahali pake pa zamani.

Zahanati makohozi yalionyesha wadudu wapo. Tukatumwa hospitali kubwa akapigwe picha ya kifua. Daktari alikuwa kijana, mpole, ameziweka picha mbili ubaoni kwenye mwanga, ya zamani na mpya. Kwenye ile ya zamani, upande wa juu kulia, palikuwa na kovu kama alama ya kidole kwenye kioo. Kwenye mpya, pale pale pembeni ya kovu, wingu lilikuwa limetanda.

"Nilimeza vyote," Bi Pasi alisema kabla hajaulizwa. "Kila siku. Muulize mama mkwe."

"Nakuamini," daktari akasema. "Wapo wanaomeza vyote, wakapona, wakapimwa wakaonekana wamepona, na bado ukarudi. Si wengi, lakini wapo. Mara nyingine ni wadudu wale wale. Wachache walijificha, wakalala, mwili ulipolegea wakaamka. Mara nyingine ni wapya kabisa, umeambukizwa tena na mtu mwingine. Ukishaugua mara moja haina maana umepata kinga."

"Mimi ni yupi kati ya hao?"

"Kwa vipimo tulivyonavyo hapa, siwezi kukwambia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba mashine inaonyesha dawa bado zinawaweza. Hilo ni la kushukuru."

Akamuuliza kuhusu kazini. Bi Pasi akaeleza chumba cha pasi: hakina dirisha, kina mlango mmoja wa kuingilia dukani, na wanafanya kazi wamebanana. Akataja mzee mmoja mtia wanga aliyekuwa akisimama meza ya pili yake, aliyekohoa msimu mzima, kisha akaacha kuja. Watu wa afya walimtafuta. Chumba alichokuwa akiishi kilikuwa na mpangaji mwingine, na hakuna aliyejua alikoelekea.

Tulipokaribia nyumbani akanishika mkono.

"Naomba awe mgeni," akasema.

"Nani?"

"Huyu mdudu. Naomba awe ametoka kwa yule mzee. Maana kama ni yule yule, wifi, basi alikuwa humu siku zote. Siku tuliposherehekea, alikuwemo. Nikicheka, yumo. Nikimbeba mwanangu, yumo, amekaa kimya ananisikiliza."

Sikuuachia mkono wake mpaka getini.

Mtaani maneno hayakukawia. Jirani yetu muuza mkaa alisema hadharani bombani kwamba ugonjwa ule haurudi kwa mtu aliyemeza dawa. Ukimrudia ujue vidonge alikuwa anavitema. Mama alikuwa kwenye foleni. Aliweka ndoo chini.

"Koo la mkwe wangu nalijua kuliko la kwangu," alisema. "Nimelichungulia kila asubuhi, chini ya ulimi na juu ya ulimi. Kama kuna aliyetema, basi nimetema mimi. Njoo unikague." Akafungua mdomo, meno machache yaliyobaki yote nje, akamsogelea. Muuza mkaa alirudi nyuma hadi akakanyaga maji. Watu walicheka, na maneno yakapungua, ingawa hayakuisha.

Dawa zikaanza upya. Mama na kikombe. Fungua mdomo, inua ulimi. Ila safari hii Bi Pasi hakutoa ulimi kwa utundu. Binti alipimwa tena, akawa safi, akapewa vidonge vya kinga. Godoro likarudi chini ya dirisha. Ndege, kaka alimhamishia karakanani kwake, maana mkewe alisema hawezi kuponea chumba kimoja na anayemwigiza.

Miezi ile ilikuwa mizito kuliko ya kwanza. Mara ya kwanza alikuwa na ugonjwa. Mara ya pili alikuwa na mashaka. Kikohozi kilipoisha hakukifurahia. Nilimkuta mara nyingi ameketi wima, mkono kifuani, pumzi ameibana. Nikimuuliza, ananiambia, "Ni kama kuna mtu chumba cha pili. Nikitega sikio, naye anatulia." Nikamwambia ni woga tu. Akasema, "Naam, ni woga. Lakini ningekuwa mimi ni yeye, hivyo ndivyo ningefanya."

Karakana nako mambo hayakwenda. Mpangaji alijifunza kelele ya kukata vyuma, lakini kile kikohozi kizito hakukiacha, na wateja wakaanza kumwuliza kaka kama anaficha mgonjwa nyuma ya mabati. Mwishowe mwenye nyumba ya wageni mmoja wa upande wa pili wa mji alimpenda, akamchukua. Baada ya muda alikuja kuagiza geti. Akauliza kwa aibu kidogo, "Yule ndege alikaa na mzee mgonjwa? Maana wageni wangu wanadhani kuna mtu chumba cha mwisho. Juzi mmoja kagonga mlango kumpa pole."

Kaka alisema hajui. Angesema nini?

Bi Pasi alimaliza. Makohozi safi, picha safi isipokuwa kovu ambalo sasa lilikuwa refu zaidi. Nesi akamwambia amepona. Akashukuru, akauliza arudi lini tena kupimwa, na tangu hapo akitakiwa kurudi hurudi, hata awe buheri wa afya. Akipanda ngazi pumzi humwishia haraka kuliko zamani. Mwili umejaa, magauni yote nimeyatanua.

Kabla hajarudi kazini, kaka alikwenda kuonana na mwenye duka la dobi. Sijui walizungumza nini, kaka si mtu wa maneno mengi. Najua tu kwamba alikwenda na nyundo na patasi, na mwenye duka mwenyewe akashika ngazi. Walivunja ukuta wa nyuma wa chumba cha pasi, wakatoboa dirisha pana linalotazama uchochoro, kaka akachomelea nondo zake kwa mikono yake. Upepo sasa unapita, mvuke unatoka, na wapiga pasi wanalalamika kwamba vumbi linachafua mashati meupe.

Meza ya wifi yangu ndiyo iliyo karibu na dirisha. Huwa nampelekea nguo nilizorekebisha, na nikifika nasimama kidogo mlangoni nimtazame. Anafanya kazi kwa kasi, anatania wenzake, anaimba vibaya. Halafu katikati ya shati, bila sababu, anasita. Pasi anaiinua hewani. Macho yanaganda dukani, yasione kitu, na unajua kwamba anasikiliza ndani.

Wenzake wamemjua. Akisita, nao husita. Chumba kizima kinakuwa kimya, mvuke tu unapumua. Kisha huishusha pasi, na kusema, "Haya, endeleeni."